Plagi Sita za Gari la Mjomba Evelio

Cienfuegos, 9 Oktoba 1994

Mjomba Evelio,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya huu mrefu. Najua ulitegemea barua tangu Julai, na najua hupendi visingizio, kwa hiyo nitakupa kimoja tu: kazi ilinizidi. Umeme unakatika kila siku, wanangu wawili wana njaa ya umri wao, na gari ndilo linalotulisha. Asubuhi nabeba watu hadi Palmira, mchana hadi Cruces, jioni narudi na yeyote aliyekwama njiani.

Tumbo lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Dada Nereida anakupa viazi vya malanga vilivyopondwa, au bado anakukaangia samaki kwa kuwa ndio wanaopatikana Manzanillo? Mwambie nimemkumbuka. Kaka Raciel anakusalimia sana. Yuko Isla, kule kisiwani, anachuma balungi kwenye shamba la serikali, na anasema huko angalau anakula matunda.

Sasa gari. Linanisumbua kwa mambo matatu. Kwanza, nikishaendesha kwa muda mrefu, linavuta upande wa kulia hata bila kugusa breki, na gurudumu la mbele la kulia linachemka mpaka ukilitemea mate yanalia. Pili, betri inakufa nikililaza siku mbili. Tatu, rejeta inachemka kwenye mlima wa Cruces. Fundi Cundo wa kona anasema kila kitu ni uzee. Nilimwambia, "Cundo, na wewe ni mzee, mbona huchemki?" Akaniambia nimuulize mkewe.

Wewe uliniachia funguo na ukaniambia gari hili halina siri kwa mtu anayelisikiliza. Nasikiliza, lakini sielewi. Nisaidie.

Mpwa wako,
Idalmis

*

Manzanillo, 27 Oktoba 1994

Mpwa wangu Idalmis,

Marahaba. Radhi nimetoa, kwa sababu umeomba. Mshono umepona. Nereida ananipondea malanga bila chumvi na ananificha kahawa. Watoto wake wawili wanajifunza kusoma kwangu, na mkubwa ana tabia ya kuruka mistari, kama wewe ulivyokuwa ukifanya.

Nakujibu kwa utaratibu.

Gurudumu la kulia. Nani amekutilia shampuu kwenye breki? Usiniambie hakuna aliyetia, maana nchi nzima inafanya hivyo siku hizi. Nilikuachia chupa ya mafuta ya mbarika niliyochanganya na spiriti, na ingetosha mwaka mzima. Shampuu huvimbisha mpira kwa ndani, na mpira uliovimba unaruhusu mafuta kwenda kwenye gurudumu lakini hauyaruhusu kurudi. Breki inabaki imeshika. Fanya hivi: gurudumu likiwa limekwama, linyanyue kwa jeki, kisha legeza ile skrubu ndogo ya kutolea upepo nyuma ya gurudumu. Likiwa huru mara moja, kosa ni la mpira wa breki; ubadilishe. Likibaki limekwama, kosa liko ndani ya ngoma ya breki.

Betri. Zima kila kitu, chomoa waya mmoja wa betri, na kati ya waya na betri weka balbu ndogo. Balbu ikiwaka, umeme unavuja mahali fulani. Chomoa fyuzi moja moja mpaka balbu izime. Hapo ndipo penye mwizi.

Rejeta. Fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, na utazame maji. Yakitoa mapovu mfululizo, gasketi ya juu imeungua. Yasipotoa, kaza mkanda wa feni kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Pia fungua plagi zote sita za cheche na uniandikie rangi ya kila moja, kuanzia ya mbele. Plagi hazidanganyi. Nyeusi yenye ukavu ni mafuta mengi mno, nyeupe ni joto mno, na ile ya kahawia kama mkate uliooka vizuri ni afya.

Swali moja lisilohusu gari. Mwanangu Raciel ana mikono miwili na nilimfundisha kuandika mimi mwenyewe. Kwa nini anasalimia kupitia kwako?

Mjomba wako,
Evelio Quiñones

*

Cienfuegos, 18 Novemba 1994

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kufichiwa kahawa. Huku tunachemsha ya kunde, kwa hiyo hujakosa mengi.

Ulisema kweli kuhusu mpira wa breki. Nililegeza skrubu na gurudumu likazunguka kama gurudumu la baiskeli. Cundo alikuwa amesimama pale na mikono mfukoni. Nikamwambia, "Unaona? Mjomba ametibu kutoka Manzanillo." Akasema, "Basi mwambie atibu na goti langu." Shampuu alitia yeye, lakini hakukiri mpaka nilipomsomea barua yako. Sasa gari linakwenda mstari ulionyooka.

Betri nimeipata pia. Waya wa taa ya ndani ulikuwa umechubuka na kugusa bati. Nimeufunga kwa kipande cha mpira. Lakini betri yenyewe ilikuwa imeshakufa kabisa, kwa hiyo Cundo aliniazimia ya trekta, na taa zinawaka vizuri kuliko zamani. Abiria wa jioni wanasema sasa wanaweza kuhesabu ng'ombe barabarani.

Maji hayatoi mapovu. Nimekaza mkanda na sasa rejeta inachemka kidogo tu.

Plagi ziko sawa, zote sita. Kahawia, kama ulivyosema.

Kaka Raciel ni mvivu wa kuandika, unamjua. Kila mtu anayekuja kutoka Isla analeta salamu zake. Mtoto wangu wa mwisho, yule Yeny, anauliza utarudi lini, kwa sababu anataka umfundishe kusoma saa.

Idalmis

*

Manzanillo, 5 Desemba 1994

Idalmis,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nilisimama mahali palepale.

Gari langu ni la mwaka 1952. Betri yake ni ya volti sita. Balbu zake ni za volti sita. Betri ya trekta ni ya volti kumi na mbili. Mtu akifunga betri ya trekta kwenye gari langu na kuwasha taa, taa zitawaka vizuri kuliko zamani kwa muda wa kupiga chafya, kisha zitaungua zote. Zako haziungui. Abiria wako wanahesabu ng'ombe.

Yawezekana mtu alibadilisha balbu zote, na dinamo, na mota ya kuwashia. Hiyo ni kazi kubwa. Hakuna anayeifanya kwa ajili ya taa.

Tena nilikuomba rangi ya kila plagi, kuanzia ya mbele, na wewe umenipa rangi moja kwa zote. Plagi ya mwisho, iliyo karibu na wewe unapoendesha, imekuwa nyeusi tangu kabla hujazaliwa, kwa sababu silinda ile inakula oili. Haijapata kuwa kahawia. Ama umefanya muujiza ambao mafundi wa Cienfuegos wameshindwa, ama hukufungua plagi hata moja.

Sikutuhumu. Ninauliza. Cundo anaingia uani kwako mara ngapi? Ana ufunguo wa geti? Namjua Cundo tangu akiwa mvulana, na najua vitu hupungua mahali anapopita.

Salamu za Raciel zinanifikia safi mno, kama zimeoshwa. Nimemwandikia yeye mwenyewe, kwa anwani ya shamba ulilolitaja.

Nereida amepata kilo ya dagaa na kwa hiyo tumesherehekea. Tumbo halikulalamika.

Evelio

*

Cienfuegos, 30 Desemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka unaokuja. Tumekula kitoweo cha nguruwe kwa jirani aliyechinja, na watoto wamelala wakiwa wameshiba, jambo ambalo sikuliona mwaka mzima.

Usimshuku Cundo. Anaropoka, lakini haibi kwangu. Ndiyo, balbu alizibadilisha yeye, alikuwa nazo za ziada. Plagi ya mwisho huenda sikuitazama vizuri, nilikuwa na haraka, na mikono ilikuwa na mafuta.

Nikuchekeshe kidogo. Wiki iliyopita niliishiwa mafuta kabla ya kufika Palmira, nikiwa nimejaza watu. Kuna bibi mmoja alikuwa na kuku wawili kwenye mfuko, akaanza: "Binti, gari lako hili linakunywa au linavuta? Maana moshi mweusi kama huu nimeuona kwa marehemu mume wangu tu." Mwanamume wa nyuma akamjibu, "Bibi, usilitukane, litakusikia likatulaza hapa." "Si limeshatulaza?" Wote wakashuka, wakanisimamia juu ya kichwa wakitoa ushauri. Nikapata chupa mbili za mafuta kwa dereva wa lori, nikamimina, halikuwaka. Nikalegeza nati za mabomba moja baada ya nyingine, povu likatoka, nikasubiri mpaka povu likaisha na mafuta matupu yakaja, nikakaza, likanguruma. Bibi akanipigia makofi na akanipa yai. Nilijivunia, Mjomba. Nilitaka ulione.

Sasa jambo muhimu. Machi ni ukaguzi wa magari. Safari hii wanataka maelezo kutoka kwa mwenye gari, yenye saini yake, kuhusu hali ya gari na injini. Nimefunga karatasi hapa ndani. Weka saini chini tu, mimi nitajaza yanayobaki ili usijichoshe. Bila karatasi hiyo wananinyang'anya kibali, na bila kibali sina cha kuwalisha wanangu.

Idalmis

*

Manzanillo, 14 Januari 1995

Idalmis,

Karatasi imefika. Sijaweka saini, na sitaweka saini chini ya karatasi tupu, si kwako wala kwa mtu mwingine yeyote aliye hai.

Sasa nisikilize. Injini ya petroli ikiishiwa mafuta, unamimina mafuta, unazungusha kidogo, pampu inavuta, inawaka. Hakuna anayelegeza nati. Hakuna povu la kusubiri. Injini inayotaka kutolewa upepo kwenye mabomba, bomba moja baada ya jingine, ni injini ya dizeli. Injini ya dizeli hutumia betri ya volti kumi na mbili. Injini ya dizeli iliyochoka hutoa moshi mweusi unaomkumbusha bibi marehemu mumewe. Na injini ya dizeli, mpwa wangu, haina plagi. Haina plagi sita za kahawia. Haina hata moja.

Ulinielezea rangi ya vitu ambavyo havipo.

Kwa hiyo chini ya boneti ya gari langu kuna injini ambayo siijui, na ile ninayoijua haipo. Niliifungua na kuifunga kwa mikono hii mwaka mama yako alipofariki. Pete za pistoni tulizichonga mimi na Raciel kwenye karakana ya kiwanda cha sukari. Haikuwa mbovu nilipoondoka. Silinda moja kula oili si ubovu, ni tabia.

Nani ameiuza? Kama ni Cundo, niandikie jina lake na mimi nitaandika mahali panapostahili. Kama ni wewe, uliuza kitu kisicho chako, kisha ukaniomba ushauri wa kukitibu, na baada ya hayo yote umeniletea karatasi niweke saini niwe mwongo bila kujua. Kati ya hayo, la mwisho ndilo baya zaidi.

Tena kuna hili. Barua niliyomwandikia Raciel imerudi. Mtu wa posta wa Isla ameandika juu yake kwamba shambani hawana mtu wa jina hilo na hawajapata kuwa naye. Mtoto wangu huvunja kila anachoshika, ndiyo maana funguo nilikupa wewe. Lakini salamu za mtu asiyepo mahali alipo ni jambo ambalo silielewi, na nimekaa nalo hapa kitandani nikitazama dari la Nereida.

Sitaki habari za kuku. Nataka kujua injini yangu iko wapi, na mwanangu yuko wapi. Jibu maswali hayo mawili, kwa sentensi mbili.

Evelio Quiñones

*

Cienfuegos, 2 Februari 1995

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii haipiti posta. Anaileta Zunilda, anayehudumu kwenye treni, rafiki yangu wa shule. Mpe kahawa, na msiisome mbele ya watu.

Sentensi zako mbili ni hizi. Injini iko chini ya bahari. Raciel yuko hai, amezuiliwa kwenye kambi ya Wamarekani huko Guantánamo pamoja na maelfu ya wengine waliookotwa majini.

Sasa niruhusu zaidi ya mbili.

Alikuja Julai na wenzake wawili. Walikuwa wamejenga kitu cha mabati na mabomba ya kumwagilia, wanakiita boti. Kilikuwa na kila kitu isipokuwa injini. Alisimama uani akitazama gari. Nikamwambia, "Hapana, Raciel. Hilo ni la baba yako." Akasema, "Nusu ya pete zile nilizichonga mimi." Nikamwambia, "Basi chukua nusu ya pete." Hakucheka. Akasema, "Ida, bila injini tutapiga makasia, na nitavuka bahari kwenda kwa Wamarekani hata kwa makasia. Unajua." Nilijua. Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi, na nilipotoka nilikuwa nimeshika sanduku lako la spana. Tuliitoa mchana, kwa mnyororo, juu ya boriti ya banda. Cundo alisaidia. Hakuchukua chochote.

Raciel aliniambia, "Ukimwambia mzee kabla sijafika, atakufa kwa hasira. Ukimwambia nimezama, atakufa vilevile. Mwambie nipo Isla mpaka upate habari." Nikakubali. Agosti wakaipakia kwenye lori la miwa hadi Caibarién, wakaondoka mchana kweupe, watu wa ufukweni wakiwapungia.

Kisha kimya. Ndiyo maana sikukuandikia. Ningeandika nini? Kila nikikaa mezani, naona jina lako juu ya karatasi na naacha. Mwishowe nikakuandikia habari za breki, kwa sababu za breki zilikuwa kweli.

Mwezi uliopita redio ya ng'ambo ilisoma majina ya waliomo kambini, na nililisikia lake, na majina yake yote mawili ya ukoo. Baadaye mama wa mmoja wa wenzake alipata ujumbe kupitia Msalaba Mwekundu: wote watatu wazima. Injini iliwapeleka siku ya kwanza nzima na usiku, kisha ikachemka na kushika, haikugeuka tena. Waliitupa ili boti iwe nyepesi. Meli ikawaokota.

Ningekuambia siku hiyohiyo. Lakini barua yako ya hasira ilikuwa imeshafika, na posta sikuiamini, na Zunilda hakuwa na safari ya huko mpaka leo.

Injini iliyomo sasa ni ya pampu ya kumwagilia, nimeipata kwa mtu wa Cruces kwa cherehani ya marehemu mama. Haina karatasi. Mkaguzi atasoma namba iliyochongwa kwenye injini na kuona si ile ya cheti. Kuna njia moja tu: wewe uandike kwamba injini ya awali ilipasuka ukiwa bado hapa, ukaitupa kama chuma chakavu, na hii uliinunua kutoka kwenye chuma chakavu vilevile. Mwenye gari akisema hivyo, wanabadilisha namba na yanaisha. Tukisema kweli, gari linachukuliwa, Cundo na yule wa Cruces wanaitwa, na mimi naulizwa nilimpa nani injini na kwa safari gani.

Sikuuza kitu chako. Nilikitoa. Najua kwako hiyo si nafuu.

Idalmis

*

Manzanillo, 21 Februari 1995

Mpwa wangu Idalmis,

Marahaba. Zunilda alifika, akanywa kahawa ambayo Nereida aliitoa mafichoni, na hakuuliza chochote. Ni msichana aliyelelewa.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Nereida aliniuliza, "Baba, kuna nini?" Nikamwambia ndugu yake yuko Guantánamo. Akalia, akacheka, akamwaga maji ya mchele. Kambi ile haiko mbali sana na hapa, kwa mtu anayetazama ramani. Kwa mtu anayetaka kwenda, iko mbali kuliko Isla. Nimeuliza namna ya kutuma barua kupitia Msalaba Mwekundu, na nimeambiwa niandike kwa ufupi. Sijui kumwandikia Raciel kwa ufupi. Bado najaribu.

Kwamba mlinificha, nyote wawili, mkaniacha niandike habari za fyuzi huku mwanangu akielea juu ya mabati, hilo sijalisamehe. Nakuambia wazi ili usije ukadhani vinginevyo kwa kuwa nimeandika kwa utulivu. Kwa Cundo nimekosea, naye umwambie hivyo kwa maneno yangu: Evelio amekosea.

Injini ilishika kwa sababu waliipoza kwa maji ya bahari. Najua bila kuambiwa. Chumvi iliziba njia za maji, joto likapanda kwenye silinda ya mwisho, ile inayokula oili, na pistoni ikakwama hapo. Raciel alijua. Alikuwepo nilipomwonyesha chumvi ndani ya rejeta ya lori la bandari. Pengine hawakuwa na maji mengine. Pengine yale waliyokuwa nayo waliyanywa. Ikiwa waliyanywa, alifanya sawa.

Sasa hiyo dizeli yako. Kwamba uliishiwa mafuta siku ile ni bahati mbaya, lakini ikianza kuzimika wakati tanki lina mafuta, upepo unaingia mahali fulani kati ya tanki na pampu, upande wa kuvuta, ambako hutaona tone likidondoka. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo injini ikiwa inanguruma. Povu litakapofyonzwa ndani, hapo ndipo. Moshi mweusi ni kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au nozeli iliyochoka. Anza na kichujio, kwa sababu unaweza kukisafisha mwenyewe. Na kwa kuwa injini ile ni nzito kuliko yangu, springi za mbele zitalala. Zitazame kabla hazijakuvunjikia na abiria ndani.

Nimeichukua karatasi ya ukaguzi. Nimekaa nayo mezani tangu juzi. Nereida aliniambia, "Baba, weka saini. Ni chuma tu." Nikamwambia si chuma, ni sentensi. Akasema, "Umefundisha nusu ya mji kuandika. Ina maana hakuna hata mmoja aliyekuandikia uongo?"

"Waliandika," nikamjibu, "na niliwapa sifuri."

"Basi jipe sifuri, Baba, ili watoto wa Idalmis wale."

Alikuwa na sauti ya mama yake.

Jana nilichukua karatasi ya kufungia sukari na kuandika upande wake wa nyuma: Injini ya awali ya gari hili ilipasuka nikiwa naliendesha mwenyewe, nami niliitupa pamoja na chuma chakavu. Niliisoma kwa sauti. Nilihamisha mkato mmoja. Nikaisoma tena. Ni sentensi nzuri, Idalmis. Haina kosa hata moja isipokuwa kwamba si kweli. Na nilipoitazama kwa muda niliona kosa la pili: imemfuta Raciel. Pete alizozichonga zimekuwa chuma chakavu, na safari yake haikupata kuwapo. Siku moja mtu atakapouliza injini ile ilikwenda wapi, kutakuwa na jibu moja tu lililohifadhiwa serikalini, lenye saini ya baba yake.

Nisipoiandika, nafahamu vilevile kitakachofuata. Gari litaondoka uani kwako, na wewe utakwenda ofisini kujibu maswali, na wanao watakula kile ambacho jirani atakuwa amechinja, kama atakuwa amechinja. Sihitaji kuelezwa hilo mara ya pili. Naliona kila Nereida anapogawa mkate wa kadi ya mgao.

Kuna njia ya tatu, ya kulipandisha gari juu ya matofali na kurudisha kibali kwa hiari, ili pasiwe na ukaguzi wala sentensi. Nimeifikiria. Ni njia ya mtu asiyekuwa na njaa, kwa hiyo si yangu kuichagua kwa niaba yako.

Mpaka hapo, usipite na gari kwenye kituo cha ukaguzi cha barabara ya Santa Clara, na ukisimamishwa mahali pengine, sema mwenye gari ni mgonjwa na karatasi ziko kwake. Yote mawili ni kweli, hata kama tumbo limepona.

Nereida anakusalimu. Watoto pia. Karatasi iko mezani, upande wangu wa kulia, na kalamu nimeiweka chumba kingine makusudi. Zunilda amesema atapita tena kabla ya Machi kwisha. Nikishaamua, nitakuandikia, na nitakuandikia kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Mjomba wako,
Evelio